Nilivyozipata maktaba za Python kwenye kompyuta niliyoachiwa

Kompyuta ya zamani ya ofisini ilikuwa ikitoa ripoti ya mauzo kila mwanzo wa mwezi, na aliyeandika programu zake za Python alishahama kazi. Nikapewa jukumu la kuzihamishia kwenye mashine mpya. Faili la requirements.txt, ambamo kwa kawaida huorodheshwa maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) zinazohitajika, halikuwepo. Ikabidi niihoji kompyuta yenyewe.

Nilifungua terminali nikaandika `pip list`; pip ndiyo inayosakinisha na kuorodhesha maktaba za Python. Orodha ikaja, lakini pandas, maktaba ya kuchakata majedwali ya data, haimo. Ajabu hiyo, maana mstari wa kwanza kabisa wa programu ni `import pandas`, na ripoti ya mwezi ule mhasibu alikuwa nayo mezani. Basi Python iliyonijibu siyo ile inayofanya kazi. Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta hiyo, huja na Python yake, mtu anaweza kuongeza nyingine, na tena anaweza kutengeneza mazingira pepe, ile folda ya venv. Kila moja ina folda yake ya maktaba, wala haichungulii ya jirani.

Nikaacha kuuliza maktaba, nikauliza ripoti inaendeshwa na nani. `crontab -l`, inayoonyesha kazi ambazo cron huziendesha yenyewe kwa ratiba, ilinipa mstari ulioanza na `0 6 1 * *`, yaani saa kumi na mbili asubuhi kila tarehe 1, ukifuatiwa na `/opt/ripoti/venv/bin/python`. Huyo ndiye niliyekuwa namtafuta. Nikaandika:

`/opt/ripoti/venv/bin/python -m pip list`

Sasa pandas ikaonekana, pamoja na msururu wa majina ambayo sikuyajua. Mengi yalikuwa wategemezi tu: six, kwa mfano, imeletwa na python-dateutil, nayo python-dateutil imeletwa na pandas. Ukiongeza `--not-required` mwishoni mwa amri hiyo, pip inaficha kila kilicholetwa na kingine, na orodha inabaki fupi ya kusomeka. Hilo chaguo watu wengi hawalitumii, sijui kwa nini.

Kuna wanaosema inatosha kupekua `import` kwenye msimbo kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili. Nilifanya hivyo pia, na haitoshi. Programu zilikuwa na `import yaml`, lakini kwenye pip jina lake ni PyYAML. Kubwa zaidi ni openpyxl: hakuna faili hata moja lililoitaja, ila pandas huihitaji inaposoma mafaili ya .xlsx, na haiji yenyewe unaposakinisha pandas. Ningetegemea grep peke yake, mashine mpya ingekwama kwenye faili la kwanza la Excel. Kwenye orodha fupi ya pip ilikuwepo, wazi kabisa.

Baada ya hapo nikahifadhi matoleo kamili kwa `pip freeze` ya Python ileile, nikapeleka faili kwenye mashine mpya, nikasakinisha. Ikagoma kwenye psycopg2, ile inayozungumza na hifadhidata ya PostgreSQL: `pg_config executable not found`. Hapa pip haina msaada, kwa sababu kinachokosekana si cha Python. Nilirudi kwenye mashine ya zamani, nikatafuta faili la .so ndani ya folda ya psycopg2, nikalipitisha kwenye `ldd`, amri inayoonyesha maktaba za mfumo ambazo faili linazihitaji. Kati ya mistari iliyotoka kulikuwa na `libpq.so.5`, maktaba ya C ya PostgreSQL. `dpkg -S libpq.so.5`, inayouliza faili limetoka kifurushi gani cha Ubuntu, ikataja libpq5. Kwenye mashine mpya nikaweka libpq-dev (ndugu yake wa kujengea, mwenye pg_config), python3-dev na gcc, psycopg2 ikajijenga bila kelele.

`pip check` ilijibu `No broken requirements found`. Nikaendesha ripoti kwenye mashine zote mbili kwa data ileile, mhasibu akalinganisha jumla za kila tawi, zikaoana. Ndipo nikaufuta ule mstari wa cron kwenye kompyuta ya zamani.