Mbegu Isiyotaka Kufukiwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii sikuandaa somo la kundi letu hili la maombi. Nina trei ya miche dirishani, na nina jambo lililonikaba koo tangu Januari.

Mnaijua bustani yangu ya nyuma hapa Minnesota, ile ambayo kila kiangazi magugu yananishinda. Mwaka huu nikataka kupanda yaro, ua la vichwa bapa, jeupe au la manjano, ambalo nyuki hawalipiti. Jirani yangu, bibi mmoja wa Kimarekani, alinifungia mbegu zake kwenye karatasi. Nilipoikunjua nikadhani ni vumbi. Ukipiga chafya umepoteza bustani nzima! Mwanzoni mwa Machi, theluji ikiwa bado nje, nikazipanda ndani ya nyumba kama bibi yangu kule Machame alivyonifundisha kupanda maharage: toboa kwa kidole, tia mbegu, fukia, mwagilia. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu nikaanza kumsema yule jirani moyoni, kwamba amenipa mbegu zilizokufa.

Nilipomweleza aliniuliza swali moja tu: "Ulizifukia?"

Kumbe yaro huota kwa mwanga. Mbegu yenyewe ni ndogo mno, haina akiba ya kuusukuma mche kutoka chini. Unasawazisha udongo laini, unazinyunyiza juu, unazikandamiza kwa kiganja zishikane na udongo, basi, hufuniki. Maji nayo si ya kumwaga kwa kopo, yatazisomba. Unapuliza kwa chupa ya kunyunyizia, kidogo kidogo, na chumba kiwe na joto la nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi. Nikaanza upya. Siku ya 11 asubuhi nikaona vijani vya ukubwa wa kichwa cha pini, trei nzima.

Najua kuna mtu humu atanikumbusha chembe ya ngano inayoanguka katika nchi na kufa. Amina, ngano ifukiwe. Lakini mimi nilikuwa nafukia kila kitu na kukiita imani.

Ndugu zangu, tangu Januari nilipopunguziwa saa kazini, nimekuwa nikituma fedha nyumbani kwa kadi ya mkopo. Mama anaezeka nyumba, na mimi ndiye mtoto wa Marekani, ningesemaje sina? Bahasha za benki nilikuwa nazitoa kwenye sanduku la barua kabla baba watoto hajarudi, nazificha chini ya mfuko wa unga wa ugali. Usiku naomba, "Bwana, fungua mlango." Mlango gani, na mimi mwenyewe nimeufunga kwa ndani? Daudi anasema aliponyamaza mifupa yake ilichakaa. Nilikuwa naisoma Zaburi 32 kama habari za Daudi. Jumatatu usiku ilikuwa habari za magoti yangu.

Jumanne nikatoa bahasha zote, nikazitandaza mezani mbele ya mume wangu. Hakusema neno. Alinyanyuka akaosha vyombo, vyote, hata vilivyokuwa safi. Halafu akarudi na kalamu, akaketi, akaniuliza, "Jumla ni ngapi?" Nililia kuliko siku niliyookoka.

Sasa niruhusuni niseme kwa upendo. Kila Alhamisi tunaleta maombi, na nusu yetu tunaandika "nina hitaji la moyoni." Miaka mitatu, hitaji la moyoni! Tutakuombeaje, mpendwa? Yakobo alituagiza tuungamiane na kuombeana ili tuponywe. Wewe umechukua kuombewa, kuungama umekuacha. Sikuambii uanike ndoa yako kwa watu themanini kwenye simu. Tafuta mmoja. Dada aliyekomaa, mzee wa kanisa, mumeo, mkeo. Kaa naye, useme jina la kitu hicho kwa sauti yako mwenyewe usikie kinavyosikika. Tukienenda nuruni, Yohana anasema, twashirikiana sisi kwa sisi. Humu tunasalimiana vizuri sana, lakini ushirika wenyewe tumeufukia.

Na ninyi mnaoletewa siri (hapa nina ukali kidogo, mnisamehe): mbegu iliyo juu ya udongo haina ulinzi. Ndoo moja ya maji inaibeba yote. Mtu amekuja kwako Jumapili anatetemeka, Jumatano jambo lake linajulikana hadi jikoni kwa watu asiowajua, tena kwa jina la "tumwombee." Huyo hatafungua kinywa tena. Wengine tunawamwagia mistari kumi ya Biblia kabla hawajamaliza sentensi. Nyunyiza kidogo. Nyamaza kidogo. Osha vyombo, ikibidi.

Miche yangu sasa imetoa majani yake ya kweli, yaliyochanika kama manyoya. Nitaitoa nje baada ya katikati ya Mei, jalidi ikishapita, niipande upande wa jua. Jirani ananikataza kuitia samadi nyingi, ati itarefuka na kulala chini. Maua huenda nikayaona mwaka kesho.

Hitaji langu wiki hii nalitaja: deni la dola 4,300, na simu ya kumpigia mama Jumamosi kumwambia bati zisubiri. Deni tumeshalipangia. Simu ndiyo naiogopa. Niombeeni.