Mama, kile chuma ni cha nini?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tusome Yoshua 4, habari ya mawe 12, na naanza na aibu yangu mwenyewe kabla sijamgusa mtu.

Mnakijua kile kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mwembe nyuma ya kanisa, ndo kengele yetu ya kabla ya spika. Juzi kwenye kikao mtu akasema tukiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu tuongezee hela ya miksa, na mimi nikanyoosha mkono, si kinapata kutu tu. Natoka nje binti yangu ananiuliza, "Mama, kile chuma ni cha nini?" Nikamwambia kengele. "Nani alikileta?" Kimya. Mzee wa kanisa mzima sina jibu.

Sasa mwangalieni Yoshua, Mungu alipowavusha Israeli mto Yordani pakavu. Kila kabila mtu mmoja, abebe jiwe begani toka katikati ya Yordani pale miguu ya makuhani iliposimama, yakawekwe Gilgali ILI watoto wakiuliza siku za mbele mawe haya maana yake nini, mzazi aseme. Yani swali la mtoto ndo mpango wenyewe! Mawe ya mtoni yamekaa nchi kavu, yamepangwa, mtoto lazima ashangae.

Alafu fungua Waamuzi 2:10, pananiuma hapo. Kikainuka kizazi kisichomjua Bwana wala matendo yake kwa Israeli. Na mawe si yalikuwepo? Walionyamaza ni wazazi (nahisi jioni zao zilikuwa na shughuli nyingi kama zetu). Ukija kwa nabii Hosea, Gilgali ileile inatajwa kwa maovu. Na yule nyoka wa shaba wa Musa, mfalme Hezekia alimvunja maana watu walikuwa wanamfukizia uvumba, kwahiyo wanaoogopa kumbukumbu zigeuke sanamu siwalaumu, ila sisi hatujafika huko, sisi hata hadithi hatuna.

Nendeni hapo Ujiji. Mwembe wa 1871 ambapo Stanley alimkuta Livingstone haupo, iliyopo ni uzao wake, na mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika na msalaba, lakini mtoto wa shule akitoka pale anakuhadithia mpaka salamu waliyopeana, kwasababu pana mtu anasimulia. Za Livingstone watoto wanazo, za bibi zao hawana.

Basi nikaenda kwa bibi mmoja kule Mwanga hapa Kigoma, wa kwanza kwanza kusali na sisi. Kumbe kile chuma walikibeba kwa zamu, wakati huo kanisa ni la nyasi na yeye binti mdogo, anasema kilikuwa kinachoma bega kwa jua na wao wanaimba tu, mvua ikawakuta njiani wakakiweka chini wakasali halafu wakaendelea. Reli yenyewe ilifika Kigoma 1914 ila hicho kipande kilikuwa kimeshatupwa walipokichukua. Akacheka, akaniuliza bado kinalia?

Mkono wangu nimeushusha, mwenyekiti nimeshamwambia. Jumapili baada ya ibada bibi atakaa chini ya mwembe, njooni na watoto, mje na mikeka maana viti havitoshi. Binti yangu kaomba yeye ndo akigonge.