Siku moja na mimi Kigoma: gemu ya dagaa inatengenezwa na wenye dagaa wao

Saa 12 asubuhi nishaamka, nipo mtaa wa Mwanga nakata maboksi. Natengeneza gemu ya mezani kuhusu uvuvi wa dagaa, huko mbele itaingia kwenye simu ila saizi ni boksi, peni na vizibo vya soda. Nimeiacha hivyo makusudi, maana mtu ukimpa kitu kinachong'aa anakuambia tu "nzuri", ukimpa boksi limeandikwa kwa peni anakunyang'anya peni.

Saa 2 nachukua boda mpaka mwaloni Kibirizi. Wiki hii ni mbalamwezi, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa na mwezi ukiwaka sana hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi wengi wapo nchi kavu wanashona nyavu na wana muda na mimi.

Saa 3 tumekaa kivulini pembeni ya mtumbwi, wavuvi wawili, mama mmoja anayeanika dagaa na vijana wawili wa sekondari. Sheria yangu ni moja, sielezi kitu, naangalia na kuandika, na ni ngumu kwelikweli kukaa kimya mtu akikwama. Hazijaisha dakika tano mzee mmoja akaweka kidole kwenye kona ya boksi nilipochora mwezi. "Kijana, huu mwezi unafanya kazi gani hapa?" Nikamwambia, mzee wangu, hilo ni pambo tu. Akanyamaza, akachukua vizibo akavipanga duara kuzunguka boksi zima, kimoja kimoja, vya usiku wa giza kavigeuza chali, vya mbalamwezi kaviacha kifudifudi. "Sasa cheza. Hapa kwenye mwanga unakula ulichoweka, kama hukuweka unakopa." Hapo hapo gemu ikabadilika, vijana wakaanza kutunza hela bila kuambiwa na mtu.

Yule mama alikuwa kimya muda wote, mi nikadhani kachoka. Kumbe anasubiri. "Mwanangu, mbona samaki wakishuka tu mtumbwini unahesabu pointi? Mi kazi yangu ndo inaanza hapo." Akaomba kadi akaandika MVUA kwa herufi kubwa. Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka bei inaanguka, wengine wanaishia chakula cha kuku. Akaongeza na kichanja, ukikinunua dagaa wako hawali mchanga na wanakauka vizuri ila hela inakutoka kwanza. Halafu yeye na mzee wakabishana nani anapanga bei, mi sikuamua, tukacheza raundi mbili, moja ya mzee na moja ya mama. Ya mama ndo vijana waliomba kurudia.

Saa 7 ugali na mgebuka, na kila mtu nampa posho yake. Kwa hili sina mjadala kabisa. Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi, watu waliitwa wiki ya mwisho, wakapewa soda, wakapigwa picha, ikasemwa wameshirikishwa wakati hakuna hata sheria moja waliyoweza kuigusa. Iliniuma sana. Baadae nikasoma kwamba Norway, miaka ya 1970, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma kilishirikiana na mtaalamu wa kompyuta, Kristen Nygaard, ili kompyuta zinazoletwa kazini zisiamuliwe na mabosi peke yao, nikajua kumbe hili jambo watu wamelipigania muda mrefu.

Saa 10 Ujiji, kwa wazee wa bao. Hawa wamezoea mashimo 32 na kete 64, hakuna dadu, ukifungwa umefungwa na akili. Wameirusha dadu yangu mara tatu wakaisukuma pembeni. "Hii inacheza yenyewe." Wavuvi asubuhi walitaka bahati izidi, ziwa ndo lilivyo, wazee wanataka ipungue. Nimeamua dadu ibaki kwenye hali ya hewa tu, kutoka au kutotoka ziwani aamue mchezaji.

Saa 2 usiku nipo nyumbani nakata kadi upya, nje mwezi mweupe na kule ziwani sioni taa hata moja. Simu inalia, voisi ya yule mama: "Mwanangu, tumesahau kadi ya mgeni. Mgeni akija unamfungia dagaa aende nao, na hudai hela." Nimechukua mkasi tena.