Type 59 ya JWTZ kutoka kwenye seti ya T-55

Tanga utapata spea ya baiskeli ya miaka ya sabini, na Ngamiani hutembei sana kabla ya kumkuta fundi wa kusuka mota. Duka la modeli za plastiki za kuunganisha hupati. Seti yangu ya kwanza ya maana, T-55A ya Tamiya ya kipimo cha 1/35, yaani mara 35 ndogo kuliko kifaru halisi, niliipata kwa shemeji yangu baharia. Alijua napenda vifaru, ila hakujua kwamba ninachokitamani hasa ni Type 59 ya Kichina, ambayo JWTZ, jeshi la Tanzania, ilikuwa nayo enzi za vita vya Kagera, 1978 hadi 1979.

Uzuri ni kwamba Type 59 ni nakala ya T-54A ya Kisovieti, na T-55 imezaliwa na T-54 hiyohiyo. Mwili haupishani sana: magurudumu matano makubwa kila upande, na kati ya la kwanza na la pili kuna pengo pana. Wanapishana kwenye vitu vidogo ambavyo mjuzi huvitazama kwanza. Juu ya kichwa kinachozunguka, T-54 ina kikuba cha feni ya kutolea moshi, T-55 haina. Katikati ya bamba la mbele T-54 ina kitundu cha bunduki ya rashasha, na T-55A iliondolewa bunduki hiyo. Wataalamu wana orodha ndefu kuliko hii. Waendelee nayo, mimi nilitaka kifaru na si digrii.

Halafu kuna spea za kuboreshea, zinazouzwa mbali na seti. Friul ya Hungaria inatengeneza minyororo ya metali, ile ambayo kifaru hutembelea, Eduard ya Cheki inauza vipande vya shaba vilivyochongwa kwa asidi, Aber ya Poland ina mitutu. Ukinunua kila unachoonyeshwa, spea zitakugharimu kuliko kifaru chenyewe, maana minyororo peke yake bei yake inakaribia seti nzima. Mimi nilichagua kwa hesabu moja tu: unene wa kitu zidisha kwa 35. Bati la matope la plastiki lenye unene wa milimita 1 linakuwa chuma cha milimita 35. Hiyo ni deraya, si bati la matope! Sasa chukua kopo la soda. Ukuta wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, ukizidisha unapata milimita tatu na kitu, yaani bati lenyewe hasa. Nikakata makopo kwa mkasi, nikayapiga msasa mwepesi ili rangi ishike, nikakunja kingo kwa rula, na pembe mbili nikazibonyeza makusudi kwa sababu sijaona kifaru cha kazi chenye mabati yaliyonyooka. Shaba ya Eduard nikaachana nayo.

Mtutu na minyororo ndivyo nilivyoagiza. Mtutu wa plastiki ukija vipande viwili, ukishaunganisha unabaki na mshono, na ukiupiga msasa mshono huo bomba linapoteza uduara. Wa alumini umechongwa kwenye mashine, umenyooka, na mdomo wake una tundu la kweli: milimita 100 za mzinga halisi zinakuwa chini kidogo ya 3.

Kasheshe ilikuwa kuuchukua posta. Kwenye karatasi ya kifurushi muuzaji aliandika kwa Kiingereza kwamba ndani mna mtutu wa bunduki, wa chuma, mmoja. Dada wa dirishani akasoma, akanitazama, akasoma tena.

"Kaka, bunduki hii ya nani?"

"Si bunduki dada, ni ya kifaru."

Akamwita mwenzake. Tukafungua pale pale mezani, kikatoka kijibomba cha urefu wa kalamu ndani ya mfuko wa nailoni. Akakishika, akachungulia taa kupitia tundu lake.

"Sasa hii inaua nini?"

"Labda mbu."

Akacheka, akagonga mhuri.

Minyororo ndiyo iliyonila muda, na ndiyo iliyobadilisha sura ya kifaru kuliko kitu kingine chochote. Ukoo huu wa T-54 hauna vigurudumu vya juu vya kubebea mnyororo. Mnyororo unalala wenyewe juu ya magurudumu makubwa kwa uzito wake, na panapokuwa na pengo unabonyea. Mkanda laini wa kwenye seti hauna uzito huo. Unapita juu kwa kujikaza, labda uubandike kwa gundi na kuubana mpaka ukauke. Wa metali unalala bila kushurutishwa. Lakini kila upande una viungo karibu 90, na kila kiungo kinakuja na matundu yaliyozibwa na masalia ya metali. Unazibua kwa keekee ya nusu milimita, unayoizungusha kwa vidole, unapitisha waya, unakata, unatia tone la supagluu kwa ncha ya sindano. Tone likizidi, kiungo kinaganda na hakikunjiki tena. Nilikuwa naunga vichache vichache huku nasikiliza mechi ya Coastal redioni, na siku wanapofungwa viungo havisogei. Baada ya rangi ya kahawia iliyokolea, sehemu zinazogusa ardhi nikazisugua kwa penseli ya 2B. Risasi ya penseli inaacha mng'ao uleule wa chuma kilicholika.

Kikuba cha feni hakikunigharimu kitu. Nilipaka mafuta ya nazi kwenye pakiti tupu ya vidonge, nikashindilia gundi ya kukanda ya mafundi bomba kwenye kishimo kimoja, asubuhi nikabonyeza kikatoka duara safi. Kwa kamba za kuvutia, mtu wa Tanga atawaza mkonge kwanza. Nilijaribu, lakini una vimanyoya vingi mno kwa kipimo hiki, nikauhamishia kwenye nyasi za pembeni. Kamba nikasuka kwa nyuzi za shaba kutoka kwa fundi mota, nikazipitisha kwenye moto wa mshumaa ili zilegee na zilale vizuri kwenye bodi.

Rangi nilipuliza kwa kompresa ya friji bovu. Haina kelele, majirani wanalala, ila inatema oili pamoja na hewa, kwa hiyo njiani weka chujio la petroli la pikipiki na ulibadilishe likilowa. Vanishi ya kufifisha mng'ao usiipulize wakati wa masika. Unyevu wa pwani unaifanya iweke ukungu mweupe juu ya kazi yako yote. Subiri jua la mchana lenye upepo mkavu.

Mzee mmoja jirani, mstaafu wa jeshi, alikuja kukiona. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye kifaru. Akakizunguka na mkongojo wake.

"Mwanangu, hiki kimetoka kuoshwa?"

Akanionyesha nyuma, kwenye gia inayovuta mnyororo: pale ndipo matope yanapopanda na kurundikana, mbele hayawi mengi hivyo. Na ni kweli, vita ile iliendelea mpaka kwenye mvua. Lukaya, Uganda, Machi 1979, walipigana kwenye kinamasi. Nikachekecha udongo mwekundu wa Muheza kwa kichujio cha chai, nikauchanganya na gundi nyeupe ya mbao, nikaushindilia pale aliponionyesha. Aliporudi akaridhika, kisha akauliza kile kidogo kiko wapi. Anataka Type 62, ile nyepesi yenye mzinga wa milimita 85. Mtutu wake nimeanza kuutafuta, na nitamwomba muuzaji aandike kwenye karatasi kwamba ni kitu cha kuchezea.