Kasigau si Ngong

Kikundi chetu cha WhatsApp kimewaka moto tangu nipendekeze tukapande Mlima Kasigau. Jirani mmoja kaingia kwenye simu, kaona kilele kina mita 1,641, akaandika: "Jamani, huo nao ni mlima? Mimi kitandani kwangu niko juu zaidi." Kwa hesabu hiyo yuko sawa kabisa. Sisi wa Dagoretti, Nairobi, tunalala karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo tukifika kileleni tutakuwa bado tuko chini ya vitanda vyetu.

Ila mlima haupandwi kutoka baharini, wala kutoka Dagoretti. Unapandwa kutoka pale gari linapokuacha. Kasigau umesimama peke yake katikati ya nyika ya Taita Taveta, na vijiji vilivyouzunguka, Rukanga, Bungule na vingine, viko kwenye mita 600 hivi. Toa hapo: unabaki na kama mita elfu moja za kupanda kwa miguu, mwinuko mkali, na unaanzia kwenye joto la Tsavo. Vilima vya Ngong karibu na Nairobi, ambako tumezoea kutamba na kupiga picha, kazi kubwa huwa imeshafanywa na gari.

Ndiyo maana ratiba nimeianzia mwisho. Upande ule jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni, na chini ya miti giza halingoji saa hiyo. Nataka kila mtu awe kijijini saa kumi. Kushuka nimekupa saa tatu na nusu, maana kwenye mizizi iliyolowa magoti ya rika letu hayana haraka. Basi saa ya kugeuka ni saa sita na nusu mchana, hata kama kilele kiko hatua mia mbele. Kuondoka ni saa kumi na mbili asubuhi. Atakayekuwa bado anatafuta soksi tutamkuta akinywa chai tukirudi.

Kuna walioniona mkali. Nikampigia mjomba wa mke wangu, Mtaita wa Voi, nikitegemea ataniunga mkono. Akanisikiliza, akacheka. "Mkwe, saa yako ni nzuri, lakini huko juu anayepanga ni ukungu. Ukungu ukishuka, mnakaa chini mnasubiri. Na msiingie bila mwenyeji." Hilo la mwenyeji sina ubishi nalo. Kasigau ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayotoka Taita hadi Tanzania: chini ni vichaka vikavu vya miiba, juu ni msitu wa ukungu, miti imevaa kuvumwani, na njia inayoonekana wazi hapa, mita kumi mbele imemezwa na majani. Ramani ya simu haitakuambia ni ipi njia ya watu na ipi ya wanyama.

Swali lililorudiwa zaidi ni kama tunaweza kutoka Nairobi usiku, tupande, turudi usiku uleule. Hapana. Ukishaiacha barabara ya Mombasa pale Maungu, mbele ni vumbi, na ile ni nchi ya tembo. Sitaki kukutana naye gizani nikiwa ndani ya Probox. Tunachukua treni ya asubuhi kutoka Syokimau, tunashuka Voi, tunakodi gari, tunalala kijijini. Jioni hiyo isipotezwe kwenye simu. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwahamisha watu wa Kasigau kwa nguvu hadi Malindi, wakiwashuku kuwasaidia Wajerumani. Ningependa kuwasikiliza wazee wa pale kabla ya kuukanyaga mlima wao.

Mtungi wa gesi na kisu cha nyama, ndugu yangu uliyeuliza, vitaishia kwenye ukaguzi wa stesheni. Na hatupiki mlimani. Chapati, mayai ya kuchemsha, njugu na ndizi vinatosha. Maji lita tatu kila mtu, ya kubeba tangu chini. Vijito utaviona, lakini ndivyo vinavyoshuka kwa mabomba hadi kwenye mifereji ya vijiji, kwa hiyo hakuna kunawa miguu humo. Suruali ndefu, ncha zake ndani ya soksi: kupe na siafu hawaangalii mtindo. Koti jepesi la mvua hata kama Voi kunachoma, na tochi hata kama tutarudi mchana.

Tunakwenda mwanzoni mwa Februari, mvua za vuli zikiwa zimeisha na masika hayajafika. Kabla ya hapo tunafanya mazoezi kwenye mlima wa Kilimambogo, karibu na Thika, kwa miguu kutoka getini, si kwa gari. Pesa za treni nitumieni kwa M-Pesa kufikia Ijumaa, na mwandike jina kama lilivyo kwenye kitambulisho.