Tulivyochekesha bila uso

Kazi yangu hapa Dubai ni kuvaa katuni. Naingia ndani ya mnyama wa manyoya, nacheza, nawapungia watoto, napigwa nao picha, na sitamki neno. Zamani nilikuwa msarakasi kwenye hoteli za Diani, kwa hiyo kusema kwa mwili si jambo geni kwangu. Hata hivyo, video ya dakika moja niliyoifanya na wenzangu kiangazi kilichopita ilinitoa jasho kuliko zamu yoyote.

Wazo lilikuja mchana. Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba sheria ya huku inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa, basi saa hizo tunajazana kwenye chumba cha mapumziko, kila mtu na feni yake. Tulikuwa wanne: mimi, dada mmoja wa Kampala, Mfilipino anayetushinda sote kwa dansi, na Mnepali ambaye kazi yake ni kutusindikiza, yaani yeye ndiye macho yetu tukiwa ndani ya vazi. Dada akauliza: yule kiboko tunayemvaa akitoka zamu, chapati anaila vipi? Kisa kikawa hicho. Kiboko amechoka, chai inafuka mbele yake, na kichwa cha vazi kimegoma kuvulika.

Mavazi ya kazini hatukuyagusa. Ni mali ya mwajiri, na mtoto aliyemkumbatia kiboko asubuhi hastahili kumwona kwenye simu akiwa hana kichwa. Tukashona wetu. Sponji tulilitoa kwenye godoro lililotupwa, ndani tukaweka kofia ya pikipiki ili kichwa kisiyumbe, na kitambaa cha manyoya ya kijivu tukakinunua Satwa, kwenye mitaa ya mafundi cherehani. Mdomoni tukabandika wavu mweusi. Unaona kupitia hapo tu. Miguu yako mwenyewe huioni.

Ruhusa ya kutumia ukumbi wa kulia chakula kambini tuliiomba kwa msimamizi, tukarekodi usiku watu wakishalala. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2021 ni kali kwa anayempiga mtu picha bila ridhaa yake, kwa hiyo mpita njia yeyote alitusimamisha.

Usiku wa kwanza tulicheka mpaka machozi. Tulipoitazama video, hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeishika simu karibu mno, nikimfuata kiboko huku na huku, na lile tabasamu la kushonwa likaonekana kama la maiti. Marehemu Mzee Majuto, mchekeshaji wa Tanga, alikuwa na uso. Akikodoa macho tu, watu hoi. Sisi uso hatukuwa nao.

Usiku wa pili niliiweka simu kwenye standi, mbali, mwili mzima uonekane, na nikakataza mtu kuigusa. Kisha tukakubaliana kwamba kiboko asifanye mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza aitazame chapati. Atulie. Aigeukie kamera. Atulie tena. Ndipo mabega yashuke. Na ajabu ni kwamba katika ule utulivu wa pili tabasamu lile lile liligeuka huzuni. Kitambaa hakikubadilika hata uzi mmoja. Mtazamaji ndiye aliyemwekea kiboko moyo. Kichwa nacho hakikutikiswa kwa shingo, maana shingo haionekani. Ukitaka kusema "ndiyo", unainama kuanzia kiunoni.

Kwa kuwa aliye ndani haoni chini wala hasikii vizuri, tulitandaza kamba sakafuni, mguu ukiigusa ajue amefika. Mnepali akajificha nyuma ya meza na uzi uliofungwa mkiani: mvuto mmoja simama, miwili geuka. Nilipomwona kiboko akigutuka kila mkia ukivutwa, nikamwambia Mnepali atoke mafichoni avute waziwazi. Hicho ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote.

Joto halikutuhurumia. Tulipanga dakika 15 kisha kichwa kivuliwe, lakini usiku wa tatu Mfilipino aliomba amalizie tukio, nami nikamruhusu. Akaanza kuyumba. Tulimvua, tukamlaza chini ya feni, tukamnywesha maji yenye chumvi na sukari, na usiku ule hatukurekodi tena. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo saa alishika dada wa Kampala, na akisema basi, ni basi. Vipande vya mwisho nilivaa mimi.

Video ilipokamilika nilimtumia mama, Kwale, bila kumweleza lolote. Miaka yote amekuwa akiniuliza nafanya kazi gani hasa. Akanipigia usiku huohuo.

"Mwanangu, huyo kiboko wa mwisho ni wewe. Unatanguliza bega la kushoto kama marehemu babako."