Valldemossa, Kwenye Piano Iliyochelewa

Basi lilitoka mjini Palma asubuhi, likapanda milima ya Tramuntana katikati ya mizeituni na kuta za mawe, na njia nzima vidole vya mkono wangu wa kushoto viligonga goti kimyakimya, vikirudia preludi ya nne ya mtunzi wa muziki Chopin, yaani kipande kifupi cha piano. Ina mizani 25 tu, yaani vipimo 25 vya mapigo. Mkono wa kulia hurudia nota mbili zilizopakana, kama mtu aliyeshikwa na kigugumizi cha huzuni, na wa kushoto hushuka nusu sauti kwa nusu sauti, hatua ndogo kabisa ya piano, kidole kimoja kikihama huku vingine vikingoja. Ugumu wote umo katika mkono ambao msikilizaji hauangalii.

Chopin alifika Valldemossa, kijiji cha kisiwa cha Mallorca, Hispania, mwezi Desemba 1838, akiwa anaumwa kifua. Alikuwa na mwandishi George Sand na watoto wawili wa mama huyo, wakapanga katika monasteri ambayo watawa wake walikuwa wameondolewa mwaka 1835. Katika barua alikifananisha chumba chake na jeneza refu, hivyo nilitarajia mahali pa kubana. Kumbe makao ya kila mtawa ni vyumba kadhaa vyenye dari la kuba, na mlango wa nyuma unatokea kwenye bustani, bonde lote likiwa chini yake.

Katika seli namba 4, mojawapo ya makao hayo, ipo piano ambayo Chopin aliiagiza kwa Pleyel, watengenezaji wa piano wa Paris: ndogo, ya kusimama, mbao zake zikiwa za kahawia. Kila mgeni aliipiga picha, nami pia. Lakini forodha iliichelewesha hadi Januari 1839, na tarehe 22 ya mwezi huohuo alikwisha kutuma Paris muswada wa preludi zote 24. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi aliyoifanya kisiwani ilipitia kwenye piano hafifu ya wenyeji. Nilisimama pale muda mrefu, maana ile preludi ya nne nilijifunza kwenye kinanda cha kanisani ambacho nota zake mbili hazikuwa zikilia.

Baadaye, ukumbini, mpiga piano aliwapigia wageni vipande vichache, na cha tatu kilikuwa preludi hiyo ya nne. Kabla ya kordi tatu za mwisho, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, kuna kimya ambacho Chopin mwenyewe alikiandika. Mimi nyumbani hukikatisha kila mara. Yeye aliondoa mikono, akaiweka mapajani, akangoja hadi nikasikia maji yakidondoka bustanini.